Kikwembe cha Mama Mkwe

Mpaka nilipofikisha miaka thelathini na mmoja nilikuwa sijafua nguo hata moja. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nyumbani kwetu tulizaliwa wavulana wawili na wasichana watano, na dada zangu walizichukua nguo zetu kama walivyochukua kuni na maji. Nilipooa, mke wangu akaendelea pale walipoishia, bila mtu yeyote kuuliza swali. Shati la kufundishia nililivua Ijumaa na kulikuta Jumatatu limenyooka, limekunjwa juu ya kitanda. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya misheni hapa Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo. Niliwaeleza watoto jinsi maji yanavyopanda hewani na kurudi kama mvua, lakini jinsi hayo maji yanavyotoa jasho kwenye kola, hilo sikulijua.

Mashine ya kufua nimeiona mara moja tu, katika nyumba ya wageni Bukavu, ikitetemeka ukutani kama mtu mwenye malaria. Kwetu mashine ni mikono, na katika nyumba yetu mikono hiyo ilikuwa ya mke wangu.

Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa mwanzoni mwa mwezi wa sita, kwa kupasuliwa. Daktari alimwambia mke wangu kwamba kwa majuma kadhaa asiiname, asibebe ndoo wala asikamue nguo. Hatukuhangaika sana, kwa sababu mama yake alikuwa njiani kutoka Kabambare kuja kumtunza mzazi, na sote tulimjua kuwa mtu wa kazi. Alifika jioni ya siku ya pili tangu turudi kutoka hospitali, nyuma ya pikipiki, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope, na mkono wake wa kulia umefungwa kwa vijiti vya mwanzi. Kwenye daraja fulani la magogo, gogo moja lilizunguka chini ya gurudumu. Dereva aliangukia upande wa nyasi, mama mkwe akaangukia upande wa mawe, na mfuko wake wa nguo ukaenda na maji. Mzee mmoja wa kijiji cha pale, fundi wa mifupa, ndiye aliyemfunga, akamwambia asiutumie mkono huo mpaka atakapoweza kukunja ngumi bila kuuma meno.

Basi nyumba ikawa na mama mwenye mshono tumboni, nyanya mwenye mkono mmoja, mtoto mchanga anayechafua vitambaa vinane kwa siku, na mimi. Dada zangu wote walikuwa wameolewa mbali. Nilimpigia simu yule wa Salamabila, anayeuzia chakula wachimbaji wa dhahabu, nikamweleza hali yetu nikitumaini atakuja hata kwa juma moja.

"Kwani mikono yako iko na nini?" aliniuliza, kisha akaniambia sufuria yake inaungua.

Hapa inabidi nieleze jambo moja. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Heshima hiyo ni rahisi sana pale mmoja anapokaa Kabambare na mwingine Kasongo. Katika nyumba ya vyumba viwili ni kazi ngumu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akipeleka maneno huku na huku, na siku ya nne alichoka. Alisema yeye amepasuliwa tumbo, hakupasuliwa kuwa simu.

Jumamosi iliyofuata nilitoa beseni uani, nikamimina maji ya kisima, nikatia vitambaa vyote na sabuni yote ya unga tuliyokuwa nayo. Povu likapanda mpaka likanifika viwikoni. Nilijisikia fundi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye baraza la jikoni, amenipa mgongo kama ilivyo desturi, mtoto mapajani. Nikasikia anazungumza na mtoto.

"Wewe mutoto," alisema, "mwambie baba yako hii haiko mboga ya sombe anapika. Sabuni inapakwa pale penye uchafu. Haimwagwi yote mu maji."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili na alikuwa amelala. Nikafikiri kidogo, kisha nikamjibu mtoto.

"Mwambie nyanya nimesikia."

"Na umwambie," mama mkwe akaendelea bila kugeuka, "vitambaa vya mavi vinasuuzwa kwanza peke yake, na maji baridi. Akianza na maji ya moto, doa linakaa mpaka mutoto aolewe."

Ndivyo nilivyojifunza kufua. Sijui kama kuna mtu mwingine Maniema nzima aliyefundishwa na mwanamke ambaye hakuwahi kumtazama, kwa kinywa cha mtoto aliyelala. Alijua nilichofanya kwa kusikiliza tu. Nikisugua nguo kwa nguvu, alimwambia mtoto kwamba baba yake anachuna mbuzi. Nikisuuza mara moja, aliuliza kama baba anataka mtoto awashwe matako. Alinifundisha kufikicha nguo kwa nguo, si kwa ngozi ya vidole, lakini somo hilo lilichelewa. Juma la kwanza vifundo vya vidole vyangu vilichubuka vyote, na nilipoandika ubaoni chaki ilinichoma kama pilipili. Alinifundisha kwamba sabuni nyeusi ya mawese inayopikwa hapa hapa Kasongo huondoa mafuta kuliko ile ya unga ya dukani, na kwamba kola hufuliwa kabla ya shati, "kwa sababu kola njo uso wa shati," yaani ndiyo uso wake. Nilimjibu mtoto kila mara, na mtoto alivumilia.

Somo moja lilinipita kabisa. Kwetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa iliyoanikwa chini kwenye nyasi. Ukiivaa bila kuipiga pasi, funza anaingia chini ya ngozi, na baada ya siku chache una jipu lenye mdomo. Mama mkwe alisema vitambaa vya mtoto vianikwe juu ya kamba na vipigwe pasi vyote, pande zote mbili, na nilifanya hivyo kwa pasi ya makaa mpaka macho yakaniwasha kwa moshi. Lakini kamba ilijaa, basi fulana zangu mwenyewe nilizitandaza juu ya nyasi, na nilipozianua nilikuwa nimechoka na pasi. Nilizivaa hivyo hivyo.

Siku kama tano baadaye nilikuwa mbele ya darasa nikieleza sehemu za ua, na mgongo ukaanza kuwasha katikati, mahali mkono haufiki. Nilijisugua kwenye kona ya mlango kama ng'ombe. Darasa zima lilinyamaza kwa adabu, kisha likacheka. Nyumbani mke wangu aliniinamisha kitandani, akapaka mawese juu ya majipu matatu ili wale wadudu wakose hewa na kutoa kichwa, akaanza kukamua. Yeye alikatazwa kukamua nguo tu, mume hakutajwa. Kutoka chumba cha pili tulisikia sauti.

"Mutoto, watu wengine wanafuga mbuzi. Baba yako anafuga nini?"

Mke wangu alishika mshono wake kwa mkono mmoja na kucheka, huku mkono wa pili ukiendelea kunikamua. Na mimi nilicheka, ingawa iliuma.

Katikati ya mwezi wa saba kiangazi kilikaza. Kisima chetu kilianza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yasiyofaa hata kunawia miguu, na kufulia nyumbani kukawa hakuwezekani. Shule ilikuwa imefungwa, sikuwa na kisingizio. Niliweka beseni juu ya baiskeli, nikalifunga kwa mpira, nikashuka kwenye kijito kilicho chini ya mtaa wetu, mahali wanawake wanapofulia.

Niliwakuta watatu siku ya kwanza. Wawili walikuwa vijana, wake wa wenye maduka. Wa tatu alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima anayeuza samaki wa mto Lualaba sokoni, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko yangu. Wote waliacha kufua. Nilisalimia, nikachagua jiwe la mwisho kabisa, nikaanza na vitambaa vya mavi, peke yake, kwa maji baridi.

Kisha mama samaki akasema, "Nani alikufundisha?"

"Mutoto," nilisema.

Ilibidi nieleze, na baada ya hapo walinipa jiwe zuri, lile bapa lenye kivuli. Kila nilipokuja waliniuliza mtoto amesemaje leo. Sikuona aibu tena, au niseme ukweli, niliiona tu pale njiani, nilipokutana na walimu wenzangu na beseni nyuma yangu. Mmoja aliniuliza kama nimefungua biashara.

Asubuhi iliyoleta mambo ilikuwa ya Ijumaa. Alfajiri mtoto alikuwa amelala kifuani kwa nyanya yake, akamchafua vibaya. Mke wangu, nusu usingizini, alimpa mama yake kitenge chake mwenyewe, kikwembe kama tunavyosema, ajifunge, akachukua kile kilichochafuka, ambacho siku zote mama yake alikisuuza mwenyewe kwa mkono mmoja, na kukitupa kwenye beseni la vitambaa. Kisha akarudi kulala, akasahau. Mimi nilifunga beseni kwenye baiskeli bila kuangalia ndani.

Kijitoni nilifua kama kawaida. Nilikutana na kikwembe kirefu cha buluu, nikafikiri ni cha mke wangu, nikakipaka sabuni vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nakifikicha, hata nadhani nilikuwa naimba, nilipoona mama samaki amesimama mbele yangu majini.

"Mwalimu," alisema polepole, "hiyo kikwembe uliitoa wapi?"

"Mu nguo za mutoto."

"Iangalie vizuri."

Nilikiangalia. Kilikuwa na majani ya njano kwenye buluu. Nilikumbuka pikipiki iliyofika na vumbi, na majani ya njano yaliyokuwa yameketi nyuma yake. Mikono yangu ilikauka mle mle majini.

Mtu wa mbali huenda asielewe. Nguo ambayo mama mkwe wako amejifunga kiunoni ni kitu usichokigusa hata ukikikuta kimeanguka njiani. Unamwita mtu akiokote. Na mimi nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili, nimekipaka sabuni, huku naimba.

"Aiache iende na maji," alisema mmoja wa wale vijana.

"Iende, halafu mama avae nini?" alisema mwenzake.

"Aseme iliibiwa," alisema yule wa kwanza.

"Mwalimu wa misheni aseme uongo?"

Walibishana hivyo, mimi nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa na askari. Mwishowe mama samaki alinyoosha mkono. "Maji imekwisha kuifua nusu," alisema. "Lete nimalizie mimi."

Alikisuuza, akakikunjua ili akikamue, na ule upande wa ndani, ule unaofichwa mtu anapojifunga, ukafunguka mbele yetu. Kulikuwa na kiraka. Kilikuwa kikubwa kama sahani, cha kitambaa kingine cha kahawia, kimeshonwa kwa mkono, nyuzi ndogo ndogo zilizopangwa kwa subira. Mama samaki alikikunja haraka upande huo kwa ndani. Mimi niligeukia upande wa pili kama ninayetafuta sabuni, ingawa sabuni ilikuwa mbele yangu.

Alinirudisha nyumbani yeye mwenyewe, kikwembe amekibeba begani mwake. Nilimweleza mke wangu chumbani kwa sauti ya chini. Alianza kucheka akishika mshono, akacheka mpaka machozi, kisha akaacha ghafula. Chumba cha pili kilikuwa kimya kabisa. Ukuta wetu ni wa matofali mabichi, lakini juu haufiki kwenye bati.

Siku ile mama mkwe hakutoka chumbani kuja barazani. Wala siku iliyofuata. Alikula kidogo, alimbeba mjukuu wake, lakini mtoto hakupewa neno lolote la kuniletea. Jumamosi jioni nilisuuza vitambaa uani kwa ndoo mbili za maji niliyopanda nayo kutoka kijitoni. Nilisuuza mara tatu badala ya mbili, nikisubiri mtu aniambie ninapoteza maji. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa sijajua kwamba nimeizoea sauti ile.

"Amekasirika sana?" nilimuuliza mke wangu.

"Sijui. Ananiambia kichwa kinauma."

Jumapili baada ya misa nilikamata kuku wetu mmoja, jike zuri jeusi, nikampelekea mama samaki. Nilimwomba aingie kwa niaba yangu na kuomba msamaha, kama inavyofanywa mtu anapokosea wakwe. Alimfunga kuku miguu, akaingia naye chumbani kwa mama mkwe, akafunga mlango. Nilikaa chini ya ukuta wa nje. Walizungumza kwa Kibangubangu cha kwao Kabambare, ambacho mimi hukisikia nusu, na kwa sauti ndogo. Walikaa muda mrefu kiasi kwamba kuku alinyamaza.

Mama samaki alipotoka bado alikuwa na kuku mkononi.

"Amekataa?" niliuliza.

"Chukua kuku yako. Haiko kasirani, mwalimu. Iko haya."

"Haya ya nini? Mimi njo niliyekosa."

Alikaa karibu nami, akamweka kuku chini. "Anasema mukwe wake ameona kiraka. Alitoka kwake na vikwembe vitatu vizuri, vya kumwonea mujukuu. Vyote vilikuwa mu ule mufuko. Hii alivaa kwa sababu ya vumbi ya njia. Sasa anasema watu wote ku mutoni wamejua mama ya muke wako anavaa viraka."

Habari ya ule mfuko niliijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa hata nimeisimulia shuleni, jinsi dereva alivyoangukia nyasi na mama mkwe mawe, na walimu walicheka. Karibu majuma sita mwanamke yule alikuwa akiishi na kikwembe kimoja na vya kuazima kwa binti yake, nyumbani kwangu, na mimi nikapita mbele yake kila siku nikijivunia kwamba nimejifunza kufua. Nilijisikia mdogo. Nilimwambia mama samaki hivyo.

"Basi usimpelekee kuku," alisema. "Kuku inasema umekosa. Hakuna kosa hapo. Mupelekee kikwembe."

Kesho yake tulikwenda sokoni pamoja, kwa sababu mimi sijui vikwembe. Nilichagua chekundu chenye maua makubwa. Mama samaki alikirudisha mahali pake, akasema hicho ni cha bibi arusi. Nilichagua kingine, akasema hicho kitachuja rangi kabla ya kufika Kabambare. Alikilowesha ncha kwa mate na kunionyesha kidole chake. Mwishowe alichagua cha kijani chenye ndege weupe, na mimi nilitoa pesa tu. Yeye ndiye aliyekibeba, na yeye ndiye aliyekiingiza chumbani.

Jioni ile mama mkwe alikuja barazani. Alikuwa amejifunga ndege weupe. Aliketi mahali pake, akanipa mgongo, akanyoosha miguu. Mke wangu alileta mtoto akamweka mapajani pake. Tulikaa hivyo mpaka makaa yakashika chini ya sufuria.

"Mutoto," alisema, "mwambie baba yako asante."

"Mwambie nyanya hakuna neno."

"Na umwambie juzi alisuuza mara tatu. Maji haiko ya kuchezea."

Siku chache baadaye alijaribu kukunja ngumi, ikakubali, na vijiti vikafunguliwa. Kazi ya kwanza aliyoifanya kwa mkono ule aliniita niione, au tuseme alimwambia mtoto aniite. Alikuwa na mkasi wa mke wangu na kile kikwembe cha buluu mapajani. Alikipasua katikati, akakikata vipande vya mraba, kimoja baada ya kimoja, akipumzisha mkono kila baada ya viwili vitatu. Kipande chenye kiraka alikiweka pembeni, kikawa kishikio cha sufuria. Vingine mke wangu alivikunja ncha na kuvishona.

"Hii sasa iko ya mutoto," mama mkwe alimwambia mjukuu wake. "Baba yako anaweza kufua."

Niliposhuka kijitoni na vipande vile vya buluu juu ya vitambaa vingine, wale vijana wawili waliacha kazi tena.

"Mwalimu, umerudi nayo?"

"Iko ya mutoto," nilisema, nikavitandaza juu ya jiwe ili waone.

Mama samaki alicheka mpaka ikabidi aketi majini.

Mama mkwe aliondoka mwezi wa nane, kabla ya mvua za kwanza kuharibu njia. Safari hii nilimtafutia dereva mwenye umri mkubwa kuliko wangu, na mfuko wake tuliufunga kwenye pikipiki kwa kamba mbili. Mke wangu alipopona alianza kufua tena. Siku ya kwanza alilichukua shati langu kutoka mikononi mwangu, akaligeuza kola, akalitazama juani, akasema kwamba kwa miezi miwili nilikuwa ninatembea mjini na shingo chafu na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuniambia. Mashati akayachukua. Vitambaa vya mtoto vilibaki kwangu mpaka alipoanza kutembea.